Siku 55 za Bure, na Bei ya Siku ya 56

Miaka kadhaa iliyopita taarifa ya kadi yangu ya mkopo ilikuja ikisema nadaiwa 1,012. Sarafu siitaji, maana hesabu ni ileile kwa sarafu yoyote. Nililipa siku ya mwisho kabisa, na kwa uvivu tu wa vidole nikaandika 1,000 kamili, nikijiambia hizo 12 zitaingia mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika na mstari ambao sikuwahi kuuona: riba, 34 na senti zake. Nikadhani wamekosea. Deni la 12 linazaaje riba ya 34, karibu mara tatu ya lenyewe? Nikapiga simu. Dada aliyepokea alinisikiliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara kumi tangu asubuhi, kisha akasema: "Riba haijatozwa kwenye 12, kaka. Imetozwa kwenye 1,012."

Makala haya ni ufafanuzi wa sentensi hiyo.

Kadi ya mkopo ni vitu viwili vilivyobandikwa kwenye plastiki moja. Cha kwanza ni njia ya kulipia: nyepesi, salama, na kwa mwenye kuikaba vizuri haigharimu kitu. Cha pili ni mkopo usio na dhamana, tena katika ile ya ghali kabisa ambayo benki halali humpa mtu wa kawaida. Ukiigeuza kadi mbele na nyuma hutauona mpaka kati ya hivyo viwili. Mpaka uko kwenye kalenda, na mimi niliuvuka kwa 12.

Pesa inavyosafiri

Kadi ya kawaida ya benki, ile ya debiti, huchota pesa yako kwenye akaunti yako, ikiisha, imeisha. Kadi ya mkopo haigusi akaunti yako hata kidogo. Ukiigusisha kwenye mashine, duka hutuma ombi kwa benki yake, benki hiyo hulipitisha kwenye mtandao wa kadi, nao mtandao huiuliza benki iliyokupa kadi: kadi hii bado hai? Mwenyewe ana nafasi chini ya kikomo chake? Manunuzi haya yanafanana naye, au kuna mwizi? Jibu hurudi kabla hujairudisha pochi mfukoni. Pesa yenyewe wakati huo haijaenda popote. Huenda siku moja au mbili baadaye, na inayotoka ni ya benki. Wewe unabaki na deni.

Utasikia watu wakilalamika kwamba Visa wamewakata riba. Visa hawakopeshi mtu, wala Mastercard. Wao ni barabara yenye kizuizi cha ushuru: ujumbe na malipo hupita kwao, nao huchukua chao kidogo kwa kila gari. Riba, kikomo, ada ya mwaka na faini ya kuchelewa hupangwa na benki iliyotoa kadi. Ndiyo maana kadi mbili zenye nembo ileile zinaweza kutofautiana bei kama mbingu na ardhi. American Express mara nyingi huwa barabara na mkopeshaji kwa pamoja, lakini hiyo ni tofauti, si kawaida.

Ruhusa ya kutolipa yote

Kadi zilizotangulia hazikuwa na mtego huu. Diners Club, iliyoanzishwa New York mwaka 1950, ilimtaka mwanachama alipe deni lote kila mwezi. Ilikuwa daftari la deni linalotembea, basi. Mageuzi yalikuja Septemba 1958, Bank of America ilipotuma kadi 60,000 kwa posta kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, ambao hawakuziomba. Kadi hiyo, BankAmericard, ilikuja na ruhusa mpya: usipoweza kulipa yote, lipa kiasi, kinachobaki kisogezwe mbele na riba juu yake.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Wizi ulizuka, wadaiwa wengi zaidi ya walivyotarajiwa hawakulipa, na benki ikala hasara. Lakini haikuacha, kwa kuwa ilikwisha kuona kilichokuwa ndani ya ruhusa ile. Benki nyingine zikaiga, na mtindo wa kumtumia mtu kadi asiyoiomba uliendelea Marekani hadi ulipopigwa marufuku mwaka 1970. BankAmericard yenyewe ikabadili jina mwaka 1976. Leo tunaiita Visa.

Tangu hapo wateja wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaolipa deni lote kila mwezi, na kuna wanaolibeba deni kutoka mwezi hadi mwezi. Faida ya riba yote hutoka kwa kundi la pili. Kundi la kwanza, ambalo mwalimu yeyote wa hesabu angelipa alama zote, watu wa biashara hiyo Marekani walilipachika jina la utani ambalo kwa kawaida huitwa mtu asiyelipa madeni yake. Sijaona kejeli iliyosema ukweli mwingi namna hiyo.

Kalenda

Mzunguko wa kadi ni kama mwezi mmoja. Mwisho wake benki hufunga hesabu na kukutumia taarifa: umenunua hiki na hiki, jumla ni hii, lipa kabla ya tarehe fulani. Kati ya kufunga hesabu na tarehe hiyo huwa kuna wiki tatu na ushee, tuseme siku 25. Ukinunua kitu mwanzoni kabisa mwa mzunguko wa siku 30, unapata 30 na 25, yaani siku 55 za kutumia pesa ya benki bila riba. Ukikinunua siku ya mwisho unapata 25 tu. Tangazo linapoandika "hadi siku 55 bila riba", neno la kusoma ni "hadi".

Msamaha huo una sharti moja: ulipe deni lote lililo kwenye taarifa. "Karibu lote" haihesabiki. Ukipungukiwa, mikataba mingi husema msamaha haukuwapo tangu mwanzo, na riba inahesabiwa kuanzia siku uliyonunua.

Turudi kwenye 34 zangu. Nilinunua kitu siku ya 3 ya mzunguko. Hadi hesabu kufungwa zilipita siku 27, na hadi nilipolipa zikapita nyingine 25, jumla 52. Riba ya kadi ilikuwa asilimia 24 kwa mwaka. Chukua 1,012, zidisha kwa 0.24, gawanya kwa 365, zidisha kwa 52. Utapata 34 na senti 60. Benki haikukosea hata tarakimu moja. Kwa siku 52 nilikuwa nimekopa 1,012, na sharti la kusamehewa sikulitimiza.

Si kila mahali wanaruhusiwa kufanya hivyo. Marekani, sheria ya kadi ya mwaka 2009 ilizuia benki kutoza riba juu ya sehemu ya deni ambayo mteja amekwisha kuilipa ndani ya muda wa msamaha. Huko ningelipia hizo 12 tu. Kwingineko ni mkataba wako unaoamua, na mstari wenyewe haujifichi sana: tafuta panapoelezwa riba inaanza kuhesabiwa lini.

Kuna tawi la pili la mtego huohuo. Ukishapoteza msamaha, kwa kawaida hata manunuzi mapya huanza kula riba siku hiyohiyo. Mtu anayebeba deni dogo la zamani huku akiendelea kulipia mambo yake ya kila siku kwa kadi hana siku 55. Hana hata moja. Wengi walio katika hali hiyo hawajui, kwa sababu mashine ya dukani inalia mlio uleule.

Namba ndogo iliyo juu ya taarifa

Ukiniuliza ni wapi kwenye taarifa kuna hatari kubwa kuliko pote, sitakuonyesha riba. Nitakuonyesha kiwango cha chini cha malipo. Kinaandikwa juu, kwa herufi nene, na kinapendeza: unadaiwa 1,000, lakini ukilipa 31 tu mwezi huu hutapigwa faini wala jina lako halitaharibika. Ni kweli kabisa, na ndiyo ubaya wake.

Tuifuate hesabu. Deni ni 1,000 na hununui kitu kingine. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na kiwango cha chini ni asilimia 3 ya salio. Mwezi wa kwanza riba inaongeza 20, deni linakuwa 1,020, unalipa 30.60. Umetoa 30.60 na deni limeshuka 10.60. Mwezi wa pili salio limepungua kidogo, kwa hiyo kiwango cha chini nacho kinapungua kidogo. Unalipa pungufu, deni linashuka pungufu. Baada ya mwaka mzima wa kulipa bila kukosa umetoa karibu 347, na bado unadaiwa 880. Kulifikisha deni nusu tu kunachukua zaidi ya miaka mitano.

Sasa badilisha jambo moja. Usiongeze pesa hata senti; lipa zilezile 30.60 za mwezi wa kwanza kila mwezi, ukatae kuteremka taarifa inapokuambia teremka. Deni linakwisha mwezi wa 54. Mwenzako aliyefuata kiwango cha chini kinachoshuka, mwezi huohuo wa 54, bado ana deni la 562. Mlianza pamoja, kwa deni moja, riba moja, na malipo ya kwanza sawa.

Ilipofika 2009 sheria ileile ya Marekani ikalazimisha taarifa ziandike waziwazi: ukilipa kiwango cha chini tu, deni litakwisha baada ya muda gani na kwa gharama gani. Ni moja ya sentensi chache kwenye karatasi za benki ninazoshauri zisomwe kwa sauti.

Kwa nini riba yenyewe iko juu hivi? Benki itakujibu kwamba mkopo huu hauna dhamana, na ni kweli: hakuna nyumba wala gari la kukamata, na wanaokimbia deni hulipiwa na wanaobaki. Lakini sehemu ya jibu ni ya kisheria. Marekani zamani kila jimbo liliweka kikomo chake cha riba. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba benki inaweza kuwatoza wateja wa nchi nzima riba inayoruhusiwa na jimbo lenye makao yake. South Dakota ikaondoa kikomo mwaka 1980, na Citibank ikahamishia biashara yake ya kadi huko. Mkazi wa jimbo lenye kikomo akajikuta analipa riba ya jimbo ambalo hajawahi kulikanyaga.

Ada zisizo na sura ya ada

Ada ya mwaka na faini ya kuchelewa kila mtu anazijua, kwa kuwa zimeandikwa hivyo. Nyingine huja kimyakimya.

Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye mashine ya benki ndiko kosa ghali kuliko yote kwa ukubwa wake. Unakatwa ada papo hapo, riba mara nyingi ni ya juu kuliko ya manunuzi, na siku za msamaha hazipo. Saa huanza kugonga noti zikiwa bado zina joto la mashine. Kadi ya debiti ingekupa noti zilezile kwa makato madogo, kama salio lipo.

Ukilipa kwa sarafu ya kigeni, benki nyingi huongeza ada, mara nyingi inayokaribia asilimia 3. Na mashine ikikuuliza kwa adabu, "Ungependa kulipa kwa sarafu yako mwenyewe?", kataa. Ukikubali, anayebadilisha pesa ni yule wa upande wa duka, kwa kiwango alichojipangia na faida yake ikiwa humo ndani, na benki yako inaweza kukukata ada ya muamala wa nje vilevile.

Halafu kuna ada ambayo mteja haioni kwenye taarifa yoyote. Malipo ya 100 hayafiki dukani yakiwa 100. Benki ya duka hubakiza chake, mtandao wa kadi chake, na fungu kubwa kwa kawaida huenda kwa benki iliyokupa kadi wewe. Marekani makato haya yote kwa kadi za mkopo huwa kama asilimia 2, na kadi za kifahari huzidi. Umoja wa Ulaya ulichoka mapema zaidi: tangu Desemba 2015 fungu la benki iliyotoa kadi ya mkopo ya mtu binafsi haliruhusiwi kuzidi asilimia 0.3 ya malipo. Australia ilikwisha kuanza kuyabana mwaka 2003.

Mwenye duka hali hasara hiyo peke yake. Anaiingiza kwenye bei, na bei ni moja kwa wote. Anayelipa kwa noti, asiye na kadi wala asiyeweza kupewa, anachangia makato ya kadi za wengine. Kutoka kwenye makato hayohayo benki hutoa pointi, maili za ndege na marejesho ya asilimia moja au mbili ambayo wenye kadi nzuri hujivunia. Mimi pia huzipokea pointi hizo, sijifanyi mtakatifu. Lakini nikisikia mtu anasema amepewa tiketi ya ndege bure na benki, huwa najua kuna foleni ya watu wenye noti mkononi waliomchangia bila kuulizwa.

Pointi zina kazi nyingine pia: zinakufanya uone kutumia ni kupata. Marejesho ya asilimia 1 mbele ya riba ya asilimia 2 kwa mwezi ni kurudishiwa kikombe huku mtungi ukivuja.

Upande ambao kadi inashinda

Ningekuwa sitendi haki nikikuacha udhani dawa ni kuikata kadi kwa mkasi. Kwa jambo moja kadi ya mkopo ni bora kuliko kadi ya debiti na kuliko noti: likitokea tatizo, pesa inayobishaniwa si yako. Mwizi akipora namba ya kadi ya debiti, akaunti yako ndiyo iliyotoboka, na wewe ndiye unayesubiri irudishwe. Akipora ya kadi ya mkopo, kilichoongezeka ni tarakimu kwenye deni, na unaweza kukataa kuilipa wakati uchunguzi unaendelea. Sheria ya Marekani inaweka dola 50 kuwa kiwango cha juu ambacho mteja anaweza kudaiwa kwa matumizi yasiyo yake.

Uingereza wameenda mbali zaidi. Chini ya Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974, ukinunua kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000, benki inabeba wajibu pamoja na muuzaji. Shirika la ndege likifilisika kabla ya safari yako, unaidai benki. Hata pasipo na sheria kama hiyo, mitandao ya kadi ina utaratibu wa kubatilisha malipo pale bidhaa isipofika au isipokuwa ile iliyoahidiwa. Una muda maalumu, na utatakiwa ushahidi, kwa hiyo risiti na barua pepe za muuzaji zitunzwe hadi mzigo ufike.

Ulinzi wote huu unaupata hata ukiwa hulipi riba hata senti. Hapo ndipo kadi inapogeuka kuwa kitu kizuri kweli: lipa deni lote kila mwezi kwa agizo la kudumu kutoka akaunti yako, kadi isiyo na ada ya mwaka, kikomo kisichozidi mshahara wako. Benki itakushawishi uweke agizo la kulipa kiwango cha chini. Kwenye fomu nyingi hicho ndicho chaguo la kwanza, na baadhi huja kikiwa kimewekwa alama tayari.

Mimi nililiweka agizo la deni lote siku ileile nilipokata simu na yule dada. Mwezi huo nilikuwa sijainunulia kadi kitu kingine, kwa hiyo taarifa ilidai 12 zilizobaki na riba yake: 46 na senti zake. Zikalipwa zote, kwa tarehe, bila kupungua. Mwezi uliofuata nikafungua taarifa nikitarajia sifuri, nikakuta riba ya senti 77. Safari hii sikupiga simu. Nilichukua kalamu: kati ya siku hesabu ilipofungwa na siku malipo yangu yalipoingia zilipita siku 25, na zile 46 zilikuwa zinatembea muda wote huo. 46.60, mara 0.24, gawanya kwa 365, mara 25. Ikaja senti 77 barabara.